Pua ya Kuazima

Zulekha alikuwa na mume, mume alikuwa na wake wawili, na kati ya watu hao watatu ni Zulekha peke yake aliyekosa pua. Ya usoni alikuwa nayo, tena pana na nzuri, lakini ilikuwa imeacha kazi miaka mingi. Haikupitisha hewa wala harufu. Ndiyo maana kila Hamid aliporudi Kitale kutoka Bungoma, shati lake halikuingia kwenye karai kabla ya kupita kwa jirani, Lenah, mama wa Kibukusu aliyeuza maharagwe na ambaye pua yake ilikuwa nzima kabisa.

"Udi," Lenah angesema, shati liko usoni. "Na marashi kidogo. Huyu mama anajipenda, bana. Kuna karafuu pia, na grisi."

"Hizo za mwisho achana nazo," Zulekha angemkatiza. "Hizo ni zake mwenyewe."

Kisha angelinyakua shati na kulizamisha kwenye povu, na kulisugua utadhani linadaiwa.

Mwenye udi alikuwa Sumeya. Hamid aliuza spea za baiskeli karibu na msikiti wa Kitale, na baiskeli za boda boda zilipoijaza Bungoma akafungua duka la pili kule. Duka likataka nyumba, nyumba ikataka mke. Yote yalikuwa halali na yalifanywa mbele ya watu, na Zulekha mwenyewe alikula pilau ya harusi ile bila kuisikia ladha. Tangu hapo Hamid alikaa wiki huku, wiki kule, na Zulekha akaona wivu wiki zote mbili.

Ugonjwa wa pua ulikuwepo kabla ya Sumeya, hilo lazima lisemwe, ingawa Zulekha hakupenda kulisikia. Paji la uso lilimlemea, makamasi yalimshukia kooni, akalala kinywa wazi. Lakini ule mwingine ulimjia baada ya harusi, siku moja akioga. Alijimwagia maji kichwani, maji yakampita mdomoni, pua imeziba, na papo hapo akaona hewa ya dunia imekwisha. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, akatoka bafuni kanga imemshika nusu, akitoa shahada kwa sababu alijua anakufa. Hakufa. Ila tangu siku ile hofu ikaijua njia. Ilimfuata sokoni, ikamfuata msikitini, ikamkuta hata jikoni akichambua mchele.

Majirani wakasema ni jini. Daktari akampima moyo akauona mzima. Akasema ni sainasi, vishimo vilivyo ndani ya mifupa ya uso vimevimba, na juu yake kuna wasiwasi, na viwili hivyo vinachocheana: pua ikiziba anaogopa, akiogopa anahema, akihema anaona hewa haimtoshi. Akampa dawa na kumwambia aepuke vumbi, moshi na manukato makali.

Vumbi Zulekha alilisahau njiani. Moshi na manukato alifika navyo nyumbani.

Ni udi wa yule, akamwambia Hamid. Unaniletea kwenye nguo, unaniua polepole. Na huenda ilikuwa kweli, hapo ndipo penye utamu wake. Kwa mara ya kwanza wivu wake ulikuwa na daktari wa kuutetea. Akaanza kuanguka siku za safari. Hamid akifunga begi, yeye anashika kifua. Alikuwa anajifanya? Hata mwenyewe hakujua. Jasho lilikuwa la kweli na moyo ulidunda kweli, lakini jicho moja lilichungulia kuona kama begi limefunguliwa. Mara nyingi lilifunguliwa.

Hamid alikuwa mpole, mtu wa kutafuna karafuu kutwa kwa ajili ya jino lake bovu. Siku alipochoka hakupandisha sauti.

"Nitamwambia Sumeya aache udi," alisema. "Lakini ukiisha, Zulekha, na wewe uanguke tena zamu yake, mimi sirudi. Nitajua si pua."

Zulekha alikubali upesi. Alijua Sumeya hataweza. Mwanamke gani mwenye nusu ya mume atakubali kuacha kujifukiza?

Sumeya aliacha. Lenah alilinusa shati lililofuata, akaligeuza, akanusa kwapani, akanusa kola.

"Sabuni," alisema. "Na yale mengine umeniambia niachane nayo."

"Nusa tena."

"Mama Ubaid, nimenusa. Udi hakuna. Sasa ukianguka tena, si watu watauliza ni nini?"

Swali hilo lilimkaa Zulekha kooni juu ya makamasi. Alikuwa amezoea kumwonea Sumeya wivu kwa ujana wake na manukato yake. Sasa ilibidi amwonee wivu kwa wema wake pia. Hamid alimsifu mara moja tu, akila, kwamba ameacha bila neno. Kwa Zulekha chakula kikaishia hapo.

Zamu ya Bungoma ilipofika alimfungia Hamid begi yeye mwenyewe, akatabasamu mpaka mlangoni. Hofu ilimngoja mumewe aende. Ikamshika adhuhuri, jikoni, bila begi la kuchunguliwa na bila mtu wa kuonyeshwa. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Lenah alimkuta sakafuni, mgongo ukutani, akiipiga hewa kwa mikono. Zulekha akamsihi asimpigie Hamid, kwa sababu simu hiyo ndiyo ingemmaliza. Lenah akaogopa maiti kuliko lawama, akapiga.

Alirudi akiwa na uso wa ajabu. Hamid alikuwa ameenda Lwakhakha, mpakani, kutafuta tairi. Simu ya duka ilipokewa na mtu mwingine.

"Anakuja," alisema Lenah.

"Nani?"

"Huyo mwingine."

Sumeya alifika alasiri, mvua ikinyesha, na fungu la majani ya mkaratusi kwapani. Baridi ya Kitale ilikuwa imemshinda. Juu ya buibui alivaa sweta kubwa ya kijivu, mikono imekunjwa. Zulekha, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kubana upya, hakutazama sweta. Alitazama pua. Ilikuwa nyembamba, imetulia, inavuta hewa bila kelele na bila shukrani. Aliionea wivu mpaka meno yakamuuma.

"Hamid hajui," Sumeya alisema, akiinjika sufuria. "Na mimi sitamwambia, dada."

Kwa hiyo hata siri yake sasa ilikuwa mikononi mwa mwanamke huyu. Zulekha hakushukuru.

Maji yalipochemka na majani, Sumeya akaiweka sufuria mkekani, akamfunika Zulekha blanketi kichwani ajifukize. Ndani palikuwa na giza na mvuke, na pua imefungwa. Zulekha alilitupa blanketi akipiga kelele kwamba anauawa. Sumeya akaliokota. Akaketi upande wa pili wa sufuria, akainamisha kichwa chake, akalivuta blanketi likawafunika wote wawili.

"Shika mkono wangu. Ukitaka kutoka, uvute, tutatoka pamoja."

Zulekha aliushika kwa nia ya kuufinya, na akaufinya. Haukuondoka. Gizani akaisikia pumzi ya mwenzake ikienda na kurudi bila haraka, na yake, kwa chuki, ikaanza kuifuata. Wakakaa hivyo. Kisha kitu kikalegea nyuma ya macho, makamasi yakashuka, na hewa ikapita puani.

Kwanza aliusikia mkaratusi, mkali hadi machozi. Halafu sufu ya blanketi. Halafu karafuu.

Karafuu na grisi, mpira wa tairi mpya, na jasho moja tu duniani, ambalo hakuwa amelisikia tangu mwanawe Ubaid alipokuwa mtoto wa kubebwa.

"Hamid amekuja," alisema. "Yuko hapa ndani."

Sumeya alijinusa bega.

"Ni sweta yake, dada. Nilichukua ya kwanza kuiona."

Mashati mangapi aliyafua mpaka harufu hii ikatoka, akitafuta ile nyingine? Sumeya alisema ataivua ampe, akaanza kuinua mikono.

"Usiivue," alisema Zulekha. "Itapoa."

Akainama juu ya sufuria mpaka uso ukafika kwenye bega la mke mwenzake, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, ya kwanza kufika chini kwa miaka mingi. Wivu ulimchoma ubavuni kama mwiba. Akavuta nyingine.

Sumeya alimuuliza kama anataka kutoka.

"Bado," alisema.