Askari wa Chumba cha Ndege

Mimi si mtu mfupi. Nimekuwa nikisema hivyo tangu darasa la sita, na bado sijapata wa kuniunga mkono. Ndiyo maana maneno aliyoyasema mama mkwe siku niliyokwenda kujitambulisha kwao Bungoma yaliniingia yakakaa. Yeye alikuwa jikoni, mimi sebuleni na wazee, na ukuta ulikuwa mwembamba. Alisema, "Huyo mfupi mwenye maneno mengi ndiye mmeniletea?" Miaka minane imepita. Nimemuoa binti yake Nangila, tumempata Mwelu, na mpaka Julai hii sikuwa nimejua kama mama huyo alibadilisha mawazo.

Kumuuliza hakukuwezekana. Kwao Wabukusu, na kwetu Wakamba vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali nyumba moja. Vijana wengi wa hapa Baba Dogo, Nairobi, wameshaacha mambo hayo. Mama wakwe wanawasalimia kwa mkono na kupiga nao picha. Mama mkwe wangu si wa kundi hilo. Nami, kwa kuwa namwogopa, ni mshika mila kuliko wazee wote wa kwetu Mwingi.

Alikuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, akafikia Dandora kwa Triza, dada yake Nangila. Alipopata nafuu akasema kwamba kabla ya kurudi nyumbani angependa kumwona ndovu, kwani maisha yake yote amemwona kwenye kalenda tu. Nangila akaamua Jumamosi twende makumbusho, kwenye sanamu ya ndovu, familia nzima. Nikauliza familia nzima maana yake nini. Akasema maana yake ni pamoja na mimi, mama anajua nakuja, na nitajua nitakavyojipanga.

Nikajipanga. Wao wangetangulia kwa teksi, mimi nifuate kwa basi. Ndani, wao wangekuwa chumba kimoja mbele yangu muda wote. Mwelu, ambaye ana miaka saba, angekuwa mjumbe wa kuniambia njia ikiwa nyeupe. Akaniuliza kama mimi na kukhu, yaani nyanya yake, tunacheza brikicho, ule mchezo wa kujificha. Nikamwambia hii ni heshima. Akasema inafanana sana na brikicho.

Kisha Nangila akanilazimisha kuvaa sweta. Mama yake aliifuma kwa mkono mwaka juzi akaniletea kupitia kwake, na Nangila alitaka mama akiniona kwa mbali ajue inavaliwa. Ni ya buluu iliyoiva, rangi ileile ya walinzi, na mkono wa kushoto umeupita wa kulia kwa urefu wa kidole. Nikiivaa mjini, watu hunifungulia mikoba yao niikague kabla sijawasalimu. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro, lakini ndani ya nyumba ya chumba kimoja, siri ya godoro haidumu.

Mambo yalianza vizuri. Wao walimtazama ndovu, mimi nikatazama mawe. Wakaingia kwa nyoka, mimi nikaenda kwa ndovu, nikamkuta hana habari na mtu. Kila nilipopita, mtoto fulani wa shule aliniuliza, "Soja, choo iko wapi?" nami nikawa nimeshajua choo kilipo kuliko wenye makumbusho.

Kisha Mwelu akasahau kofia yake, nao wakageuka nyuma bila kumtuma mjumbe, kwa sababu mjumbe ndiye aliyesahau kofia. Niliisikia sauti ya mama mkwe ikija. Karibu nami kulikuwa na twiga aliyekaushwa, nikajibanza nyuma yake. Nataka kuwaambia wenzangu wote wenye mama wakwe: twiga si mnyama wa kujificha. Sehemu kubwa ya mwili wake iko juu huko, na huku chini amebakisha miguu minne myembamba na upepo. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa kimo changu, nikachuchumaa. Watoto wa darasa zima waliacha kumtazama twiga wakanitazama mimi, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyu ni mtu wa kale. Mama mkwe akapita bila kugeuza shingo. Nikamshukuru Mungu kwamba bado haoni sawasawa.

Baada ya hapo nilisubiri. Mwelu alikuja akaniambia wamemaliza chumba cha ndege, kisha akakimbia kwa mama yake akidai choo. Nikaingia chumba cha ndege nikipiga mluzi, mikono mfukoni. Kumbe hawakuwa wamemaliza. Nangila alikuwa amemkalisha mama yake kwenye benchi katikati ya chumba, akampeleka mtoto chooni. Mama mkwe alikuwa pale peke yake, na miwani yake myeusi, mkoba juu ya magoti, hatua mbili kutoka niliposimama. Nikageuka nikimbie. Mlango ulikuwa umejaa watoto wa shule wakiingia wawili wawili, wameshikana mikono.

"Askari," akasema.

Nilitazama kulia na kushoto nikimtafuta askari. Hakuwapo.

"Askari, nisomee hapo. Yule ndege ni nani?"

Nikaitika, "Ndiyo, mama," kwa sauti nzito niliyoitoa tumboni, sauti ambayo sijawahi kuitumia na sitaitumia tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasimama kando ya benchi lake, nikakakamaa kama walinzi wanavyokakamaa, macho yangu kwenye kioo cha ndege. Yeye pia alikuwa ametazama kioo. Kwa hivyo, nikajiambia, hatutazamani. Mila haijavunjika, imepinda tu.

Nikamsomea korongo mwenye taji, nikamsomea tai. Maandishi mengine yalikuwa madogo, hayo nikayatunga. Bundi mmoja nilimpa watoto kumi na wawili. Akauliza nani aliruhusu maiti kusimamishwa miaka yote hii bila kuzikwa, nikamjibu kwamba ni serikali. Akaguna. Akauliza kama nina mke, nikasema ninaye. Ni wa wapi? Wa upande wa magharibi. Ana maneno? Nikasema kidogo. Akasema hao wa magharibi hujifunza maneno kwa waume zao.

Hapo ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, amwonyeshe mlango, arudi zake kwa twiga. Lakini miaka minane ilinikaba, na mimi, kama ilivyokwisha kusemwa jikoni Bungoma, nina maneno mengi.

"Na wewe, mama," nikasema kwa ile sauti ya tumboni, "una mkwe hapa Nairobi?"

"Ninaye. Dereva wa lori la mikate."

"Ni mtu wa namna gani?"

Watoto wa shule walikuwa wakigonga kioo cha mbuni.

"Ni mfupi," akasema.

Nikasoma tena jina la korongo, kimoyomoyo, kutoka mwanzo.

"Nilimkataa," akaendelea. "Niliwaambia wazee anaongea sana, mtu wa kuongea sana hutafuta cha kuficha. Sasa mimi nina mabinti watatu, askari. Simu ya mkubwa ikilia, naketi chini kwanza ndipo naishika. Ya mdogo pia. Ya huyu aliye kwa mfupi ikilia, naishika hata nikiwa nimesimama."

Ile sauti nzito ilikuwa imeisha, na yangu ya kawaida sikuiamini. Nilitazama ndege nikaona wanaanza kuyeyuka ndani ya kioo, nikajua ni macho yangu.

Nangila akaita "Mama" kutoka mlangoni, akasita katikati ya neno aliponiona. Mama mkwe aliinuka, akainyoosha leso yake, akapita mbele yangu ameinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Alipofika hatua chache akasimama, amenipa mgongo.

"Askari," akasema, "huo mkono wa kushoto ni mrefu. Wakati nafuma sikuwa naona. Mpe Nangila aniletee kabla sijasafiri, niufumue."

Kisha akaenda. Nikabaki pale nimesimama wima, mkono wa sweta umenifunika vidole. Alikuwa ameniona. Alikuwa ameniona tangu mlangoni, pengine hata kwa twiga, nimechuchumaa.

Mtoto mmoja akanivuta sweta kwa nyuma. "Soja, choo iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa ule mkono mrefu.