Dufu la Amna

Bi Fawziya alizaliwa Burundi, kwenye mlima ambao Waislamu wake wote walienea kwenye jamvi moja. Sasa ana nyumba yake Ibra, Omani, lakini roho yake iko kule kule, kwa mdogo wake Amna, aliyebaki akisomesha watoto chuo cha Kurani barazani. Chuo kikifa, Uislamu wa mlima ule nao umekwisha. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Mwaka 2003 akamtuma mwanawe Wadhah, likizo yake nzima ya kazini, akamsaidie mama yake mdogo. Kijana mwema, hana neno, ila kazaliwa Ibra kwenye Waislamu watupu. Dini ya watu wachache inaishije, ataijulia wapi?

Hazikupita siku nyingi akapiga simu. Ilikuwa alasiri, majirani wamejaa sebuleni kwa kahawa na halwa, na Bi Fawziya kaiweka simu kwenye spika, wote wasikie habari njema.

"Yumma, huku kila Ijumaa wanapiga dufu na kuimba kasida, hata watoto wa Kikristo wanakuja kucheza. Hii bid'a, uzushi katika dini! Nikataze?"

Majirani wote wakamgeukia. Jamani, mama huyu alijua dufu ndilo linaloleta watoto! Yeye mwenyewe chuoni alivutwa na dufu hilo hilo, kabla hajaijua alifu. Lakini macho ya wanawake wale yalimkaa usoni, na tangu aingie Omani alikuwa amechoka kuambiwa dini ya Waafrika ni nusu nusu.

"Kataza," akasema. Majirani wakamwombea kheri, wakaongezewa kahawa.

Wadhah akalikataza dufu, kisha akarudi kazini. Amna akawa kimya miezi, mpaka dada mtu akampigia mwenyewe.

"Shikamoo, dada. Chuo? Hakuna chuo. Watoto wamehamia kwaya ya kanisani. Na mjukuu wangu yumo."

"Basi lirudishe dufu, Amna! Nimekosa mimi, lirudishe leo!"

"Nimpigie nani?" Amna hakuwa na hasira, na hilo lilimchoma Fawziya zaidi. "Nimekwenda kwa wazazi, nyumba kwa nyumba. Wanasema, si ninyi mliosema ni dhambi? Hawataki kutuudhi. Sikulaumu, dada. Ila kifua changu kibovu, na maiti zetu sisi wanawake huoshwa na wanawake Waislamu wenzetu. Niambie, nikifa, nani ataniosha?"

Bi Fawziya akataja jina la jirani wa zamani.

"Huyo kafa, dada."

Akataja la pili.

"Kahama."

La tatu hakuwa nalo.