Kaburi la Kwembega

Mbaraka Shechambo hakuwa mchawi wala mwizi, na aliyemwita hivyo alimkosea. Alikuwa na kijicho tu, basi. Lakini kijicho chenyewe, jamani, kilikuwa cha mtu na mdogo wake wa tumbo moja, na hicho hakina dawa dukani.

Kilianzia Kwembega, kile kipande cha msitu wa asili kilichobaki juu ya mji wa Lushoto, ambako ukisimama ukingoni unayaona mabati ya boma na kusikia kengele ya shule. Wageni walikiona pori. Ukoo wa Shechambo walikijua kuwa ni mahali pao pa tambiko, na kila kizazi kilikuwa na mlinzi mmoja. Baba yao alipokaribia kufa alimwachia ulinzi huo Ramadhani, mdogo, na huku Mbaraka, mtoto wa kwanza, yupo hai, mzima, na ndevu zake kidevuni.

Sababu aliijua. Miaka tisa alikata mkonge kule chini Korogwe, akileta mablanketi na mabati ya nyumba ya baba. Miaka hiyo hiyo Ramadhani alikuwa akimfuata mzee nyuma nyuma msituni, akifundishwa mti upi ni dawa na upi hauguswi. Sasa mtu akimtaka mwenye Kwembega anaelekezwa kwa Ramadhani. Hata wanyama! Ramadhani akipita, mbega waliendelea kutafuna majani yao, mikia myeupe inaning'inia. Akipita Mbaraka walipiga makelele wakarukia ng'ambo ya kijito. Hadija, mkewe, alicheka siku moja akasema labda hawaipendi kofia yake. Mbaraka aliacha kuvaa kofia. Wakakimbia vilevile, naye akamnunia mkewe siku tatu.

Halafu, mwaka ule wa operesheni ya kuhamia vijijini, akaja Bwana Miti kutoka wilayani na daftari lake. Alimwuliza Ramadhani jina la kila mti, akaandika. Akampa ashike ncha ya utepe wa kupimia. Mbaraka alisimama pale mikono mitupu tangu asubuhi hadi adhuhuri, na jambo pekee aliloombwa ni kusogea, kwa kuwa alikuwa amekanyaga mche. Alirudi nyumbani roho inamuuma.

Kijiji nacho kilikuwa kinatafuta mahali pa shamba la ujamaa. Mwenyekiti, Timotheo, alikuwa mgeni aliyetokea Bungu, mtu mnyoofu aliyependa mambo yaende. Aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule akasema wazi: msitu wenye makaburi utaachwa, usio na makaburi utafyekwa. Je, Kwembega mna kaburi?

Hapo inabidi mtu aelewe desturi ya ukoo ule. Mlinzi wa Kwembega huzikwa msituni na wanawe tu, bila jiwe wala alama, na hakuna mwingine anayejua wapi. Alipolala mzee Shechambo walipajua watu wawili duniani. Tena mbele ya wageni anasema mkubwa, na akishasema, mdogo hambishii. Akimbisha, ukoo unamtoza mbuzi na tambiko ananyang'anywa.

Mbaraka aliyajua yote hayo alipoinuka. Aliyapanga tangu juzi yake, alipodokezwa kuwa swali hilo litaulizwa. Ramadhani angeruka juu kama aliyekanyaga siafu, angembisha kaka yake hadharani, na ulinzi ungemtoka mkononi hapo hapo. Msitu ungepona, mlinzi angebadilika. Hesabu safi kabisa, aliiona.

"Mle hamna kaburi," alisema. "Ni pori la nyani."

Timotheo akamgeukia Ramadhani. Ramadhani aliinuka polepole. Alimtazama kaka yake muda mrefu, na Mbaraka moyoni akawa anamhimiza, sema, sema basi, mpumbavu wewe.

"Kaka ameshasema," Ramadhani alijibu, akakaa.

Ikapitishwa: kesho saa mbili, kila mtu na panga au shoka lake. Mbaraka alitoka uwanjani. Heshima aliyoililia maisha yake yote ndiyo hiyo amepewa mbele ya kijiji kizima, na haikuwa na ladha. Nyuma yake akawasikia wanawake wakinong'ona jinsi Ramadhani alivyolelewa akaleleka. Loo! Hata kwa kunyamaza amenishinda, aliwaza, na kijicho kikampanda upya.

Jua lilikuwa bado juu ya mlima Ramadhani alipobisha hodi. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye kigoda. Hakulaumu. Laiti angelaumu! Mbaraka alikuwa ameshaandaa majibu tele.

"Kaka," alisema, "kesho watapita juu ya baba. Wewe ndiye mkubwa. Nielekeze nimhamishie wapi, nitafanya."

Majibu yote aliyoyaandaa yalikuwa ya ugomvi, na hapa hapakuwa na ugomvi. Mbaraka alisema atafikiri. Ramadhani akashukuru, akaaga, akaenda zake. Hadija, aliyesikia kila neno kutoka jikoni, alimtazama mumewe namna ambayo hakupenda kutazamwa.

Asubuhi watu walianza kwa nyimbo upande wa chini. Miti minne ya mkulo ilikuwa imeshalala Mbaraka alipofika anahema, akapenya katikati ya mapanga, akaenda moja kwa moja hadi mahali penye majani tu, akakaa chini.

"Baba yangu yuko hapa," alisema. "Jana nilidanganya. Nilimwonea wivu mdogo wangu."

Nyimbo zilikatika. Timotheo alimkaripia kama mtoto, akamwuliza kama anajua amekaribia kukitia kijiji kizima katika dhambi gani. Mbaraka alikubali kila neno, kichwa chini, mbele ya wakwe, mbele ya wajukuu, mbele ya wageni waliohamia juzi. Jasho lilimtoka asubuhi ile ya baridi. Mwenyekiti akaamuru watu warudi. Shamba litatafutwa kule bondeni. Kwembega ikabaki, pungufu ya miti minne.

Alirudi nyumbani amechoka, lakini kifuani kulikuwa na wepesi ambao hakuujua kwa miaka. Aliukoa msitu. Yeye, Mbaraka, kwa kinywa chake mwenyewe.

Jioni majirani walikuja kunywa chai, kila mmoja na lake, na wote lile lile. Ramadhani ana subira ya ajabu. Ramadhani angemjibu kaka yake vibaya jana, mtu angezidi kukaza shingo na msitu ungekuwa majivu. Upole wa Ramadhani ndio uliomlainisha mtu. Mzee Shechambo alijua alichokifanya. Hadija aliitikia kila mara, akiongeza sukari vikombeni.

"Aliyekiri ni mimi," Mbaraka alisema.

"Ndiyo, baba watoto," Hadija alimjibu kwa upole. "Ni Ramadhani aliyekufikisha hapo."

Majirani wakaafiki. Mbaraka aliweka kikombe chini. Alikuwa amejivua nguo mbele ya kijiji kizima, na hata sifa ya aibu yake wamempa Ramadhani.