Sahihi ya Asubuhi

Kwetu milimani, msimu wa kahawa, mtu anatia sahihi kwanza ndipo anapimiwa. Karani wa chama cha ushirika anapitisha daftari asubuhi tukiwa kwenye foleni, kila mkulima anasaini, kilo zinajazwa baadaye. Tulizoea kusema hatujawahi kuibiwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuhakiki.

Basi siku ya uchaguzi, msimamizi wa kituo aliponipa fomu ya matokeo saa tatu asubuhi, ikiwa tupu, akasema, "Mama Placidi, saini kabisa, jioni tusicheleweshane," nilisaini. Hata miwani sikuvaa. Nilikuwa wakala wa Mektilda, muuguzi mstaafu aliyezalisha nusu ya kijiji, naye aligombea ubunge.

Jioni zilihesabiwa kwa sauti, kura moja moja. Mektilda 214, mpinzani wake 96. Niliziandika kiganjani, nikarudi nyumbani nikiimba, mjinga mimi.

Kesho yake, mjini Mbinga, matokeo ya jimbo yalisomwa. Mektilda ameshindwa kwa kura sabini na moja. Kituo chetu kimesomwa 96 zake, 214 za mwenzake. Kwa hesabu tuliyoishuhudia, angekuwa mbunge.

Nilimfuata ofisa wa majumuisho nikamwonyesha kiganja. Hakukasirika. Aligeuza fomu upande wangu, akaweka kidole pale chini.

"Sahihi hii ya nani, mama?"

"Yangu."

"Basi."

Mektilda alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

"Ulisaini saa ngapi, Gertruda?"

"Asubuhi, dada."

Alijifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Hajanilaumu hadi leo, na hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana ningelala.

Msimu wa kahawa uliofuata, daftari liliponifikia nililirudisha.

"Pima, andika, nisome. Ndipo nisaini."

Foleni ikaguna. "Tutakaa hapa mpaka lini?" akauliza jirani yangu Cuthbert. "Jua lote hili kwa ajili ya mtu mmoja?"

Karani akapima kwa hasira: kilo hamsini na mbili. Akaandika, nikavaa miwani, nikasoma, nikasaini. Nilikaa juu ya gunia tupu kuona nani atafuata.

Daftari likaendelea nyuma. Cuthbert akasaini nafasi tupu, na wote baada yake. Wa mwisho alikuwa mwanangu Placidi, mtu mzima mwenye watoto watatu. Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa, naye akasaini.