Dakika Kumi na Moja za Taa Nyekundu

Chuma cha kufungulia magurudumu kilipiga dirisha la dereva mara moja tu, ikatosha. Vioo vikamwagika ndani ya basi, abiria wakapiga yowe, na mkono mnene ukaingia, ukamkamata dereva kola.

Fundi wa taa za barabarani aliona yote akiwa ng'ambo ya pili, kikombe cha chai mkononi. Aliyekuwa anavutwa dirishani kama gunia alikuwa mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja. Kikombe kilimponyoka. Kabla hakijafika chini, alishajua kosa ni la nani.

Kwenye njia panda ile mabasi hupewa kipaumbele. Basi likikaribia, kidude kilichofungwa kwenye dashibodi hupeleka taarifa kwenye kabati la chuma lililoko pembeni ya barabara, nalo kabati huishikilia taa ya kijani mpaka basi lipite. Lakini kuna kikomo: sekunde thelathini. Zikiisha, basi lipite lisipite, njia ya pili nayo hupata zamu yake.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa amekiondoa kikomo kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kupima basi linachukua muda gani kutoka kituoni mpaka kwenye mstari wa taa. Sheria ya kazi ni fupi: ukiondoa kikomo, acha mlango wa kabati wazi na usibanduke hapo. Manyunyu yakaanza. Akaufunga mlango ili maji yasiingie kwenye nyaya. Sasa kwa mafundi wa taa, mlango ukishafungwa kazi imekwisha. Mkono ulizungusha ufunguo, kichwa kikauamini mkono, mwenyewe akaenda zake kunywa chai.

Hapo ndipo basi la mdogo wake lilipofika kituoni, mlango wake ukakwama, likashindwa kuondoka. Injini inanguruma, kidude kinaendelea kuomba njia. Kabati nalo likampa kijani, likampa tena, likazidi kumpa. Njia ya pili ikakaa na nyekundu dakika kumi na moja.

Na huyo mdogo wake, jamani, mdomo wake ulikuwa hautulii. Kila siku akikaribia taa alikuwa anainyooshea kidole na kusema kwa sauti, "Fungua, mzee anapita!" Taa ikageuka kijani, abiria wakacheka. Wakambandika jina, Waziri wa Taa. Fundi, dada yake, alimwonya, "Acha mzaha wako, watu watakuja kuamini." Wakaja kuamini. Madereva wa malori wakaapa kwamba ana rimoti mfukoni.

"Toa rimoti!" Aliyekuwa anapiga kelele ni jitu la lori la matofali. Wenzake walimwita Tofali, na si kwa mzigo wake peke yake. Alikuwa ameshamshusha Waziri, amemlaza kwenye lami.

"Rimoti gani, kaka? Mlango umekwama!"

"Kaka yako nani hapa?" Teke la mbavu. "Dakika kumi na moja unatuchezea!"

"Mpekue!" alisema mwendesha pikipiki mmoja, kofia yake ngumu ikining'inia mkononi. "Waziri huyu, lazima atembee na ofisi."

Watu wakacheka. Wakacheka huku wanapiga. Walimpindua, wakachana mfuko wa shati, wakatoa simu, wakaikanyaga mpaka ikawa unga. Mwingine akamvua kiatu, akachungulia ndani, akampiga nacho usoni. Damu ikatoka puani, ikaingia mdomoni, na maneno yake yakawa mapovu.

Fundi alikimbia, lakini hakukimbilia kwa mdogo wake. Alikimbilia kabati. Alijua mwili wake mmoja usingewazuia watu thelathini, ila magari yakianza kwenda kila mtu angerudi kwenye usukani wake. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu. Akafungua, akazungusha swichi, taa zote nne zikaanza kuwaka na kuzima kwa njano. Kila mtu apite kwa uangalifu wake.

"Kabonyeza!" alipiga ukelele yule wa pikipiki. "Mmeona? Kabonyeza sasa hivi!"

"Iko mkononi! Kafumbata!"

Waziri alikuwa amekunja ngumi kwa maumivu tu. Tofali akaikanyaga ile ngumi kwa kisigino cha buti, akaweka uzito wake wote. Ngumi haikufunguka. Akaruka. Fundi alisikia vidole vikivunjika, na baada yake sauti ya mdogo wake ambayo hakuwahi kuisikia tangu wazaliwe.

Hapo akili ya hesabu ikamtoka.

"Ni mimi!" Hakuna aliyegeuka. Akawasha nyekundu pande zote. Akawasha kijani. Nyekundu. Kijani. "Nyie! Tazameni taa! We Tofali, mkono wake uko chini ya buti lako, sasa nani anabonyeza?"

Kelele zikapungua. Vichwa vikapanda juu kutazama taa, vikashuka, vikamtazama mwanamke mfupi mwenye koti la kazi, kidole kikiwa kwenye kitufe.

Tofali aliutoa mguu wake. Akaja, chuma mkononi, watu wakimpisha.

"Wewe ndiye uliyetuweka pale?"

"Mimi. Nilisahau kurudisha kikomo. Huyo hana rimoti wala hajawahi kuwa nayo. Mwache, unishike mimi."

"Ulisahau?"

"Nilisahau. Unataka niimbe?"

Mkono wa Tofali ukamwelekea shingoni. Fundi aliinama, ule mkono ukapita ukaingia kabatini, naye akaubamiza mlango wa chuma juu yake, mara mbili. Mara ya kwanza alijikinga. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya vile vidole vya mdogo wake, na hakuwahi kuijutia. Tofali alilia kama mtoto aliyenyang'anywa titi.

Kofia ngumu ya pikipiki ikampata fundi juu ya jicho. Akaanguka, upande mmoja wa dunia ukawa mwekundu. Juu yake Tofali alikuwa ameinua chuma kwa mkono uliobaki mzima, na kwa sababu ya kizunguzungu au hasira, hakumlenga yeye. Alilipiga kabati. Alilipiga ndani kabisa, kwenye nyaya.

Mlio ulikuwa mkubwa kama wa gurudumu kupasuka. Cheche zikaruka, chuma kikaruka, Tofali akatupwa chali, nywele za mkono zikinuka. Taa zote zikazimika. Umati uliokuwa hauogopi damu uliuogopa umeme; kila mtu mguu niponye, na wawili wakamburura Tofali kwapani kuelekea kwenye lori.

Fundi alitambaa mpaka kwa mdogo wake. Abiria mmoja, mzee wa makamo, alikuwa amemwekea koti chini ya kichwa na kupiga simu hospitali.

"Anapumua," alisema. "Ila mkono huu, mama, sidhani kama utashika usukani tena."

Waziri alifungua jicho lililoweza kufunguka. Kanuni za kabati alizijua zote. Dada yake alikuwa akizihubiri mezani kila walipokula pamoja.

"Dada. Uliufunga mlango?"

Fundi angeweza kusema mengi. Mdomo wake ukasema, "Niliufunga. Manyunyu."

Waziri akatema jino. Akautazama mkono wake kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitu cha jirani.

"Mama akiuliza, umwambie wewe mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Mbele ya wote. Na mke wangu."

"Na mkeo."

Fundi alipitisha mikono chini ya mabega yake ili amkalishe. Waziri akamsukuma kwa kiwiko, akamgeukia yule mzee, akampa mkono mzima.

"Nisaidie wewe, mzee wangu," alisema. "Huyu asinishike."