Bastola Iliyokosa Shabaha

Leland Tolliver alikuwa na bastola moja tu, na watu wa bonde la Lemhi, huko Idaho, walikuwa wakisema kwamba hiyo moja ilikuwa na kelele za bastola tatu. Mtutu wake ulikuwa mrefu na mzito, silinda yake ikimeza risasi tano nene kama vidole gumba, na ikilia, mlima wa ng'ambo ulikuwa ukiitikia. Kwa miaka yote aliyoongoza wawindaji milimani, wengine wakibeba bunduki ndefu, yeye alipanda na bastola yake kiunoni akarudi na nyama. Hakuna aliyewahi kumcheka.

Kiangazi kimoja wakaanza.

Ilikuwa kwenye machimbo ya changarawe, mahali watu wanapokutana Jumamosi kujaribu silaha zao kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa. Leland aliketi kwenye benchi, akaulaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, akashusha pumzi, akapiga. Risasi ya kwanza ilitoboa pembe ya juu ya karatasi. Ya pili ikatua chini kabisa. Ya tatu ikapasua gongo lililoshikilia karatasi yenyewe, na zilizobaki hakuna aliyejua zilikoangukia.

"Leland, niambie mapema," alisema Coy Babbitt, jirani yake mfugaji, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Ng'ombe wangu wako nyuma ya kile kilima. Niwahamishe, au utawachinja mwenyewe?"

Watu wakacheka. Leland naye akacheka, maana ukikataa kucheka na Coy unamwongezea kuni. Lakini alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja karakanani.

Aliitoa bastola kwenye ala, akaifungua juu ya meza ya karakana. Alikaza skrubu za kilengeo. Alisugua mtutu kwa brashi na dawa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akaigeuza silinda taratibu, akimulika kwa kurunzi, aone kama kila tundu linakaa sawasawa na mtutu. Linakaa. Akaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai. Hakuna kilichocheza. Jumamosi iliyofuata alirudi machimboni, na bastola ikatawanya vilevile.

Basi akaanza kushuku kitu ambacho hakikuwa na skrubu. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinamuuma tangu mwaka uliopita. Vidole vilikuwa vimekuwa vigumu hata hakuweza tena kuokota vile vifataki vidogo vinavyoingizwa kitakoni mwa ganda la risasi, ndiyo maana kazi ya kushindilia risasi alikuwa ameichukua mkewe, Verna, aliyeifanyia mezani jikoni wakati wa theluji huku akisikiliza redio. Leland alijitazama mkono. Huenda unatetemeka, akawaza. Huenda nafumba macho kabla haijalia, kama mgeni wa mjini.

Hakumwambia Verna. Alimwambia Benat Urrutia, fundi wa silaha, ambaye babu yake alikuja Idaho kutoka nchi ya Wabaski, milimani mwa Hispania, kuchunga kondoo, na ambaye Leland alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Nataka kuiuza," alisema Leland.

"Nani ameuliza bei?" Benat aliinua miwani. "Leta hapa. Na risasi zako lete."

Walikwenda nyuma ya karakana ya Benat, palipokuwa na uwanja mdogo unaoishia kwenye ukingo wa udongo. Benat akageuka, akajaza silinda mwenyewe, akampa.

Leland alipiga. Mlima ukaitikia. Akapiga tena. Mara ya tatu nyundo ikagonga, tak, na hakikutokea kitu. Benat alikuwa ameingiza ganda tupu bila kumwambia, na macho yake yalikuwa kwenye ncha ya mtutu.

"Ona!" alisema Benat.

"Nione nini?"

"Haukusogea. Mtu anayeogopa mshindo, ganda likiwa tupu mtutu wake unainama kama punda anayekunywa maji. Wako umekaa tuli. Mkono wako hauna kosa, mzee. Unauma?"

"Unauma."

"Basi unauma. Lakini haukosei."

Leland aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakutaka Benat aone uso wake, na Benat, akimjua, akaenda ndani kutafuta kitu ambacho hakikuhitajika haraka. Aliporudi alikuwa na boksi la risasi za dukani.

"Piga hizi."

Leland alipiga zote tano. Walipokwenda kuangalia, matundu yote yangefunikwa na kikombe cha kahawa.

Benat hakushangilia. Alirudi kwenye benchi, akapitisha kidole chini ya mahali silinda inapokutana na mtutu, akakiinua. Chembe ndogo za njano zilikuwa zimenata kwenye ncha.

"Baruti ambayo haikuungua," alisema. Alichukua risasi moja ya Leland, akaing'oa kichwa kwa koleo yake ya kazi, akamwaga baruti kwenye mizani. Akachukua nyingine. Na nyingine. Zote zilikuwa pungufu.

"Nani ameshindilia hizi?"

Leland akaanza kukusanya risasi zake zilizobaki.

"Leland, baruti hii haipendi nusu nusu. Ukiipunguza inawaka inavyotaka, leo hivi, kesho vile. Ndiyo maana zinatawanyika. Siku moja kichwa kingekwama kwenye mtutu, ukapiga kingine nyuma yake, na mimi ningekuwa nachanga pesa za maua ya mazishi yako. Nani?"

"Nitaongea naye," alisema Leland.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimamisha gari kando ya mto, akaangalia maji. Kwanza alikuwa na hasira. Mwanamke yule alikuwa amemwonaje? Kikongwe wa kupunguziwa chumvi? Halafu akakumbuka jinsi Verna alivyokuwa makini na mizani ile kuliko yeye mwenyewe, jinsi asivyoweza kukosea kipimo cha unga sembuse baruti. Hakuwa amekosea. Alikuwa amepunguza makusudi. Na hapo hasira ikakosa pa kukaa.

Alimkuta Verna jikoni akikata mabua machachu ya rubabi kwa ajili ya pai.

"Umenipunja baruti, mama," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni na kofia kichwani.

Kisu kikasimama. Verna hakugeuka.

"Nani kakwambia?"

"Mizani ya Benat."

"Benat na awe na adabu zake." Alikata bua moja kwa nguvu kuliko lilivyostahili. "Ndiyo, nimepunguza, isikurushe mkono. Unadhani mimi kipofu? Kila ukitoka machimboni unasugua mkono mpaka usingizi unakuchukua. Unavaa shati kwa meno. Nimwambie nani? Nikuambie wewe?"

"Ungeniambia."

"Ungesema nini?"

Leland akafikiri. "Ningesema mkono hauna kitu."

"Eee! Haya basi."

"Verna, wamenicheka kule machimboni. Coy anataka kuhamisha ng'ombe."

Mabega ya Verna yakatikisika, na Leland alidhani analia. Alikuwa anacheka. Ndipo Leland akavuta kiti, akamweleza polepole kuhusu baruti isiyopaswa kupunguzwa, kichwa kinachokwama, na kile Benat alichosema kuhusu maua. Kicheko kikaisha. Verna akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena, kisha akamshika ule mkono unaouma akaukandamiza kifuani mwake.

"Ningekuua," alisema. "Nilikuwa nakuonea huruma, na ningekuua."

"Hukuniua. Umeniaibisha tu."

"Usinitanie, Lee."

"Nitakutania mpaka nife. Na sitakufa kwa bastola."

Verna alilia basi, kidogo, na Leland akamwacha alie, akiwa amemshika kiuno kwa mkono mzima.

Asubuhi walikwenda pamoja kwa Benat, wakiwa na risasi zote za jikoni kwenye ndoo ili zifunguliwe. Benat alijiandaa kuhubiri, lakini Verna hakumpa nafasi. Aliuliza maswali kama hakimu. Baruti ipi inakubali kipimo kidogo? Kichwa cha uzito gani? Kwa nini? Benat alifungua kitabu cha vipimo cha watengenezaji, akamwonyesha baruti nyingine inayowaka upesi, iliyokusudiwa risasi za upole, na akaongeza kwamba mpini ubadilishwe, uwekwe wa mpira laini. Kwa elki, kulungu wale wakubwa kama farasi, bado ingehitajika risasi kali, lakini Leland alikubali, bila mtu kumsukuma, kwamba elki wamemtosha. Mbawala wanatosha sufuria ya watu wawili.

Mwezi wa Septemba walipiga machimboni kila Jumamosi. Kilengeo kilirekebishwa kwa risasi mpya, na matundu yakarudi kukaa jirani. Coy alitazama karatasi, akafungua mdomo, akaufunga.

Oktoba, Leland alipanda peke yake kwenye kijito chenye mierebi. Jua lilikuwa limeshatoka pale dume la mbawala lilipojitokeza majini na kusimama ubavu. Lilikuwa karibu hata Leland aliweza kuona pumzi yake. Leland aliegemeza mikono kwenye gogo, akapiga. Dume lilikwenda hatua chache, likalala.

Alipothibitisha kwamba limekufa, alikaa chini kando yake. Mkono ulikuwa unauma kidogo, si sana. Akatoa redio ya upepo mfukoni.

"Verna."

"Nimesikia mlio mmoja," sauti ikajibu papo hapo, kama aliyekuwa ameishikilia redio tangu alfajiri. "Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Redio ikakoroma. Kisha Verna akasema, na sauti ilikuwa na machozi ndani yake, "Usiliinue peke yako, unasikia? Nakuja na nyumbu wa mizigo. Na nimetia kahawa kwenye chupa."

"Tia na sukari."

"Nimeshatia," alisema Verna, na Leland akasikia mlango wa banda ukifunguka.