Sahihi ya Wellars

Tangu ardhi ilipotetemeka volkano ilipolipuka, ukuta wa chumba alicholala Mama Nyiramana ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Kabatesi, mke wa mwanawe, aliomba kibali wilayani cha kuubomoa na kujenga upya. Akajibiwa kwa upole kwamba kiwanja chao cha mtaa wa Nengo kina majina mawili, lake na la mumewe Wellars, basi sahihi nazo ziwe mbili.

Wellars alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi Goma, Congo. Vita vikapamba moto, asirudi, na simu yake ikafa. Kabatesi alimlilia mpaka akachoka, akabaki na mama mkwe wake wakila sahani moja.

"Iombe mahakama imtangaze kuwa ametoweka," alishauriwa huko huko wilayani. "Lete shahidi wa ukoo wake."

Wa ukoo huo alikuwapo mmoja tu, mama mkwe wake. Mama Nyiramana, aliyezaliwa na kuzeekea Congo, akakataa katakata.

"Mi siwezi kuzika mutoto yangu na mudomo."

"Si kumzika, Mama. Ukuta utakuangukia."

Alibembelezwa mpaka akakubali. Mbele ya hakimu aliapa, akaulizwa ni lini alisikia habari za mwanawe mara ya mwisho.

Alimtazama Kabatesi, kisha akainamisha macho.

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii imepita. Alinipigia. Iko Bukavu. Iko na bibi ingine, na batoto."

Kabatesi alimsikia hakimu kama mtu aliye mbali: anayejulikana aliko hakutoweka, ombi haliwezi kuendelea, akitaka talaka, hiyo ni kesi nyingine.

Nje alishindwa kujizuia. "Uliniona nikilia, Mama. Kila siku uliniona!"

"Alinikataza. Na mi niliogopa. Ukijua, utanifukuza. Nitaenda wapi?"

"Mbona leo umesema?"

"Niliapa kwa Mungu, mutoto yangu."

Kabatesi alimshika mkono kumvusha barabara kwa sababu ya pikipiki, akauachia walipofika ng'ambo. Jioni mvua ilianza kunyesha. Kabatesi akahamishia godoro la mzee chumbani kwake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alirudi mahakamani kufungua kesi ya talaka. Karani akamuuliza anaishi na nani katika nyumba hiyo.

"Na mama," alisema. Kisha akasita. Ndoa ikishavunjwa, hakujua mzee yule angekuwa nani wake.